Mafuta tete na chunusi: maswali yanayorudi kila siku hapa Lamu

Maswali haya tunayasikia kwenye baraza za Mkomani, saluni za Langoni, na zaidi nyumba zenye harusi, pale bibi harusi anapotiwa ndani na mtu akagundua kuwa uso haujawa tayari. Ya Malindi hayana tofauti kubwa, ila huko maduka ya dawa ni mengi. Kila jibu linajitegemea. Ukiwa na haraka, soma kwanza swali la matone, kwani asilimia kubwa ya nyuso zilizoharibika zimeharibikia hapo.

## Mambo ya mwanzo

Mafuta tete ni yapi? Yana tofauti gani na mafuta ya nazi au habasoda?

Mafuta tete hutolewa kwa mvuke kwenye majani, maua, magome au makonyo (vikonyo vya karafuu). Ya maganda ya ndimu na machungwa hukamuliwa. Huuzwa kwa vichupa vidogo vya kioo cheusi, mililita 5 au 10, na huruka hewani yakiachwa wazi. Nazi, ufuta, alizeti, mbarika, habasoda na mwarobaini ni jamii nyingine: ni mafuta mazito ya mbegu au tunda, hayaruki, na ndiyo tunayochanganyia yale tete.

Tofauti hii ndiyo inayowaunguza watu. Mtu aliyezoea kujipaka habasoda tupu usoni hununua kichupa cha karafuu akajipaka vilevile, tena kwa pamba. Mafuta tete hayapakwi yakiwa tupu. Kichupa kimoja kimebeba nguvu ya mzigo mzima wa majani.

Yale mafuta mazuri ya vichupa vya rangi tunayonunua Amu, yaani Lamu mjini, yanafaa?

Hapana. Halwaridi, miski, udi na wenzake wanaouzwa hivyo mara nyingi ni manukato yaliyochanganywa kiwandani. Yaweke kwenye nguo na shela. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi, na uso wenye chunusi tayari una vidonda vidogo vidogo vya kuyaingiza.

Chunusi inatoka wapi hasa? Mimi naoga mara tatu kwa siku.

Si uchafu. Homoni huamsha tezi za mafuta zilizo kwenye shina la unywele, mafuta yakazidi. Seli zilizokufa zikaganda mlangoni mwa kinyweleo. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu, akastawi humo ndani. Mwili ukajibu kwa uvimbe. Ndiyo maana kusugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia hakusaidii. Kunaongeza uvimbe tu.

Na joto la hapa je? Msimu wa kaskazi uso wangu huchafuka zaidi.

Joto na jasho huchangia, lakini chunguza kwanza kama hizo ni chunusi. Vipele vidogo vinavyowasha, vingi, vya ukubwa mmoja, shingoni na kifuani, mara nyingi ni harara, na harara haitaki mafuta ya aina yoyote. Inataka upepo na nguo nyepesi.

Kuna na chunusi za paji la uso, kwenye mstari wa ukingo wa kofia au hijabu. Hizo mara nyingi zinatokana na msuguano, jasho, na mafuta ya nywele yanayoteremka. Mama anakupaka nazi kichwani jioni, unalala, asubuhi foronya inang'aa mafuta, nawe unashangaa kwa nini vipele vimejipanga karibu na nywele. Kabla hujanunua dawa, badilisha foronya, fua zile hijabu za kila siku, na paka mafuta ya nywele mbali na paji. Wapo wanaoishia hapo na hawahitaji tena kusoma ukurasa huu.

Basi mafuta tete yanatibu chunusi au ni maneno ya wauzaji?

Yenye ushahidi wa kueleweka ni aina moja: mafuta ya mti wa chai. Mti huo ni wa Australia, jina lake la kitaalamu Melaleuca alternifolia, na hauna udugu na chai tunayokunywa. Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliwalinganisha watu 124, baadhi wakitumia jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo na wengine dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Zote zilipunguza chunusi. Mafuta yalichelewa kufanya kazi lakini yalikausha na kuwasha ngozi kidogo zaidi kuliko ile dawa. Mwaka 2007 ukatoka utafiti wa Iran wa watu 60, siku 45, jeli ya asilimia 5 dhidi ya jeli isiyo na dawa, na yenye mafuta ikashinda.

Angalia maneno mawili hapo: jeli, na asilimia 5. Hakuna aliyepakwa tupu. Na waliochunguzwa walikuwa na chunusi ndogo hadi za wastani, si majipu ya ndani yanayouma.

Mafuta mengine yote unayoyasikia, lavenda, karafuu, mchaichai, yanaua bakteria kwenye vyombo vya maabara. Siki na sabuni pia zinaua. Uso wa mtu si chombo cha maabara.

## Kuchagua

Nianze na yapi?

Mti wa chai. Ukiwa na ngozi inayokasirika haraka, anza kwa asilimia 1. Lavenda inavumilika na wengi na inanukia vizuri, lakini usiitegemee peke yake kwa chunusi. Kwa maoni yetu chupa moja inatosha. Wanaochanganya aina tano hupata matatizo matano, na wakiwashwa hawajui wa kumlaumu.

Karafuu ni zetu, za Pemba. Kwa nini niagize mti wa Australia?

Swali zuri, na linaulizwa kwa hasira kidogo. Mafuta ya karafuu na ya makonyo yana eujenoli kwa wingi, kiasi cha robo tatu ya chupa au zaidi. Ni kitu kile kile kinachotia ganzi jino. Kinaua vijidudu kweli, lakini kwenye ngozi huwasha na huleta mzio. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa ngozi ni nusu ya asilimia, yaani tone moja tu katika mililita 10 tayari limefika ukomo. Tumewahi kuona shavu la binti lililopakwa karafuu tupu usiku mmoja: asubuhi jekundu na lina malengelenge, baada ya wiki mbili doa jeusi ukubwa wa shilingi kumi. Chunusi iliyokuwa ikitibiwa ilikuwa moja.

Karafuu iache kwenye pilau na kwenye jino.

Mchaichai, mdalasini, mkaratusi?

Mafuta ya mchaichai ni makali, usifike hata asilimia 1. Ya gome la mdalasini ni hatari zaidi: ukomo wake ni asilimia 0.07, tone moja linataka zaidi ya mililita 70 za kuchanganyia. Hakuna sababu ya kuyaweka usoni. Mkaratusi hauna ushahidi wa maana kwa chunusi, na ukiwa na watoto nyumbani una hatari yake (tazama swali la kumeza).

Ndimu? Bibi yangu alitumia ndimu na uso wake ulikuwa kama kioo.

Maji ya ndimu ni tindikali kali, hukwaruza ngozi iliyovimba. Mafuta ya ganda lake, yale ya kukamuliwa, yana kemikali zinazoamshwa na jua: ukipaka ukatoka nje, ngozi huungua kama imemwagiwa maji ya moto, kisha hubaki michirizi myeusi kwa wiki au miezi. Muulize anayekamua ndimu juani siku nzima kwa ajili ya samaki au juisi, baadhi yao wana alama hizo mikononi. Kwa jua la Shela na la ufuo wa Malindi, ndimu na uso visikutane. Bergamoti ndiyo mbaya kuliko zote katika jamii hii.

Bibi huenda alikuwa na ngozi nzuri tangu kuzaliwa.

Mwarobaini uko uani. Hayo ndiyo mafuta tete ya bure?

Mafuta ya mwarobaini hukamuliwa kwenye mbegu, kwa hivyo si tete. Ni mazito, harufu yake haijifichi, na usoni huweza kuziba. Maji ya majani yaliyochemshwa yakapoa kunawia uso hayana neno kwa wengi, ingawa usitarajie maajabu. Mafuta yake yasinyweshwe mtoto kabisa, yana sumu kwa wadogo.

Nitajuaje kama niliyonunua ni halisi?

Lebo iwe na jina la mmea la Kilatini, sehemu ya mmea, namba ya toleo na tarehe ya kwisha. Ikiandikwa "harufu ya" fulani, hayo ni manukato. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha hadi kesho: mafuta ya mti wa chai yaliyo safi huondoka karibu yote, yaliyotiwa mafuta ya kupikia huacha doa linaloonyesha mwanga. Jaribio hili hukamata walaghai wa aina hiyo tu. Aliyetia kemikali nyepesi hutamkamata kwa karatasi.

## Kuchanganya

Matone mangapi?

Hesabu ya kawaida ni matone 20 kwa mililita moja. Kwa hiyo:

Kwa asilimia 1, tia tone 1 katika kijiko cha chai cha mililita 5, matone 2 katika mililita 10, au 6 katika mililita 30. Hiki ndicho kiwango cha kupaka uso mzima, na mwisho wake ni asilimia 2. Kwa asilimia 5, matone 10 katika mililita 10. Hicho ni cha mti wa chai peke yake, kwenye chunusi moja moja, na baada ya ngozi kuzoea kile kidogo.

Vijiko vya nyumbani havilingani. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, litakupimia sawasawa. Hata matone hayalingani, kwa sababu midomo ya chupa hutofautiana na kwenye joto mafuta hutoka haraka. Simamisha chupa kwa mwinamo mdogo, usiitikise, na tone likizidi, ongeza mafuta ya kuchanganyia badala ya kusema "si neno".

Halafu watu huuliza: nikiongeza nguvu nitapona haraka? Utaungua haraka. Ngozi iliyoungua huvimba, na uvimbe ndio chunusi yenyewe.

Nichanganye na mafuta gani? Nazi ndiyo tuliyo nayo.

Hapa ndipo tunapokosana na wazee. Nusu hivi ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo maabara imeonyesha huua bakteria wa chunusi, na wauzaji hawachoki kulisema hilo. Wasichosema ni kwamba nazi ina sifa ya kuziba vinyweleo: kwenye kipimo cha zamani cha 0 hadi 5 imepewa 4. Kipimo hicho kilifanywa kwenye masikio ya sungura, na sungura si mtu, kwa hivyo wapo wanaoipaka miaka yote bila kipele. Lakini kama tayari una chunusi, na hasa kwenye unyevu wa hapa ambapo kitu chochote kizito hukaa juu ya ngozi kikichanganyika na jasho, nazi usoni ni kucheza kamari. Ipake miguuni na kwenye nywele, mbali na paji.

Mafuta ya hohoba ni mepesi na yanafanana na yale ya ngozi, ila ni ghali na mara nyingi yaagizwe Mombasa. Alizeti ya kawaida ya kupikia, iliyosafishwa na isiyowahi kukaangiwa, inafaa kuliko watu wanavyodhani. Ina asidi ya linoleiki kwa wingi na haizibi sana. Mbarika ni mzito mno kwa uso mzima. Ufuta uko katikati.

Ngozi ikiwa ya mafuta sana, acha mafuta yote na tumia jeli isiyo na manukato ya duka la dawa. Hata wale watafiti walitumia jeli.

Naweza kutia matone kwenye maji au marashi na kupuliza?

Mafuta hayachanganyiki na maji. Yataelea juu, na utakapopuliza au kuchovya pamba, yatakayokufikia ni mafuta tete matupu, pengine karibu na jicho. Kutikisa chupa hakubadilishi kitu kwa zaidi ya dakika moja. Marashi ni maji vilevile, hata yakiwa kwenye mrashi wa fedha.

Alovera ya uani nikiikwangua nitie matone?

Jani likikatwa hutoka kwanza utomvu wa manjano, mchungu, unaowasha. Simamisha jani robo saa uchuruzike, kisha toa ute mweupe. Ute huo mbichi huoza haraka: kwenye joto la hapa ni wa siku hiyo tu, kwenye friji siku chache. Na matone yatafanya yale yale ya swali la maji. Ukitaka alovera, paka alovera, iache ikauke, halafu weka mchanganyiko wako wa mafuta kwenye chunusi zenyewe.

Nikichemsha karafuu au mchaichai ndani ya mafuta, si nimepata mafuta tete?

Umepata mafuta yenye harufu, na huwezi kujua nguvu yake. Mara hii hafifu, mara nyingine makali. Hayo ya kukanda mgongo sawa.

Liwa (kijiti cha mti wa kunukia) na singo (mchanganyiko wa kusugulia mwili) je? Hivyo ni vyetu tangu zamani.

Liwa iliyosagwa mbichi kwenye msio kwa maji safi, ikapakwa nyembamba na kuoshwa kabla haijakauka kabisa, haina ugomvi na watu wengi. Itazame inavyosagwa: ukizungusha kijiti juu ya jiwe, unaona rojo la rangi ya maziwa yenye majani ya chai, na hakuna kingine ndani yake. Tatizo ni unga wa liwa wa pakiti uliotiwa manukato, na manjano yaliyotiwa rangi.

Singo ya harusi ni ya mwili. Kusugua uso wenye chunusi nyekundu kunazipasua na kuacha makovu, na somo, yaani mfundaji wa bibi harusi, mwenye busara huruka uso wa bibi harusi wa namna hiyo. Anayeandaa arusi asianze kitu kipya usoni wiki ya mwisho, hata kiwe cha bei gani.

## Kupaka

Nifanye jaribio gani kwanza?

Paka mchanganyiko wako, si mafuta matupu, sehemu ya ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, siku tatu hadi saba. Usiangalie saa ya kwanza tu. Mzio wa ngozi hupenda kuchelewa, siku ya pili hadi ya nne. Wengi husema "nilijaribu dakika kumi, hakikutokea kitu", na hilo halikuwa jaribio.

Nipake lini, na vipi?

Usiku. Nawa kwa sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, subiri kidogo, kisha gusa chunusi kwa ncha ya pamba. Mbali na macho, pua ya ndani na midomo. Anza siku moja ndiyo, moja hapana.

Wengi wa hapa hunawa kwa maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni haitoi povu vizuri, kwa hiyo watu huongeza sabuni hadi ngozi ikakauka na kukaza. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, hata kikombe kimoja. Asubuhi, kizuia jua.

Baada ya siku ngapi nitaona?

Wiki 6 hadi 12, kama dawa yoyote ya chunusi. Wiki ya pili hakuna la kuona, usibadilishe kitu. Wiki ya kumi na mbili hakuna tofauti, acha na utafute dawa ya kweli (tazama mafungu ya chini).

Imeniunguza. Nifanye nini sasa hivi?

Maji peke yake hayaondoi mafuta tete. Futa kwa pamba yenye alizeti au mafuta mengine mazito, kisha osha kwa sabuni laini na maji ya baridi. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala kitunguu saumu. Acha kila kitu kwa wiki moja isipokuwa vaselini nyembamba. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali. Kuvimba macho au kupumua kwa shida ni dharura.

Chunusi zimeisha, madoa meusi yamebaki. Mafuta yatayaondoa?

Hapana. Ngozi zetu hutengeneza rangi nyingi mahali palipovimba, na madoa hayo hufifia yenyewe kwa miezi, haraka zaidi ukijikinga na jua na ukiacha kuminya. Asidi ya azelaiki na dawa za jamii ya retinoidi husaidia, kwa ushauri wa mfamasia au daktari.

Usikimbilie krimu za kung'arisha zinazouzwa bila lebo ya kueleweka. Baadhi zina zebaki, hidrokwinoni au steroidi. Zebaki huharibu figo, na steroidi zenyewe huzaa chunusi: uso hung'aa mwezi mmoja, ukiacha hulipuka.

## Hali za kipekee

Nina mimba.

Acha mafuta tete usoni angalau miezi mitatu ya mwanzo, na baada ya hapo muulize mkunga. Benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki kwa kawaida huruhusiwa katika ujauzito. Retinoidi haziruhusiwi, na vidonge vya isotretinoini huharibu mtoto tumboni.

Tayari natumia dawa ya duka. Nichanganye?

Si usiku mmoja mahali pamoja. Benzoili peroksaidi, retinoidi na mti wa chai zote hukausha. Chagua moja. Kama unaweza kuipata benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, mara nyingi ni nafuu kuliko mafuta mazuri ya mti wa chai na inafanya kazi mapema zaidi. Ila inachujua nguo: ukingo wa buibui jeusi utageuka rangi ya kutu, na taulo lako zuri litakuwa na mabaka. Lala kwenye foronya nyeupe.

Mimi ni mwanamume, vipele viko shingoni baada ya kinyozi.

Hizo mara nyingi ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Dawa yake ni kuacha kunyoa chini kabisa, kunyoa kufuata nywele zinakoelekea, na mashine safi. Tone la mti wa chai lililochanganywa linaweza kutuliza vidonda, lakini usipake mara tu baada ya wembe.

Nina vipele vidogo vya kuwasha paji la uso na mgongoni, na mafuta yanazidisha.

Huenda ni fangasi kwenye mashina ya nywele. Fangasi huyo, Malassezia, hula asidi za mafuta, ndiyo maana kila ukijipaka anashukuru. Acha mafuta yote, hata yale mazuri, na uende kwa tabibu. Dawa yake ni ya fangasi.

Udhu na saumu vinakuwaje?

Mafuta mepesi yasiyoacha tabaka hayazuii maji kufika kwenye ngozi, na kupaka ngozini si kula wala kunywa. Liwa iliyokauka au krimu nzito ni tabaka, ioshe kwanza. La zaidi ya hapo muulize sheikh wako, sisi tunajua chunusi.

Naweza kuyanywa, "yasafishe damu"?

Usinywe. Mafuta ya mti wa chai yakimezwa huleta kuyumba na kuchanganyikiwa. Ya mkaratusi, hata kiasi kidogo, yamewatia watoto degedege. Mtoto akimeza, usimtapishe, kwani yakiingia mapafuni ni hatari zaidi. Mchukue na chupa yake hadi hospitali upesi.

Yahifadhiwe wapi?

Friji, kizibo kimekazwa. Mafuta ya mti wa chai na lavenda yakikutana na hewa na joto hubadilika kuwa na kemikali zinazoleta mzio, hata kama harufu bado ni nzuri. Chupa ikishafunguliwa, mwaka mmoja ndio mwisho kwa uso, na kama ilikaa dirishani kaskazi nzima, itupe. Usiweke kwenye plastiki nyepesi.

Lini niache mambo haya na kwenda kwa daktari?

Ukiwa na mavimbe ya ndani yanayouma, makovu yanayobaki mashimo au yanayoinuka, homa, au chunusi zilizoanza ghafla ukubwani pamoja na hedhi kuvurugika na nywele za kidevu. Familia yenye makovu yanayoota isisubiri. Wengine huona aibu kupeleka chunusi hospitali ya kaunti kana kwamba si ugonjwa. Ni ugonjwa, una dawa, na kovu likishaingia halitoki kwa tone lolote.

Paka wangu analala nami na hunilamba uso. Kuna ubaya?

Upo, na mji wetu una paka kuliko watu wanavyohesabu. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali za mafuta ya mti wa chai: akilamba au akipakwa kwa ajili ya viroboto anaweza kutetemeka, kulegea miguu, hata kufa. Funga mlango wa chumba mpaka mafuta yakauke, tupa pamba zilizotumika kwenye kopo lenye kifuniko, na usimpake paka wala punda mchanganyiko wowote wa ukurasa huu. Akishalamba na akaanza kuyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, pamoja na chupa.